Nadhiri ya Uduvi

Binti yangu Afra alicheleweshwa kuolewa miezi saba na uduvi. Si maradhi, si mahari, si maneno ya watu. Uduvi, ambao mkubwa wao hafiki urefu wa kidole changu cha mwisho.

Mume wangu, Bwana Humoud, huisimulia habari hii barazani kwa namna yake, na kwa namna yake mimi simo kabisa, wala beseni langu halimo. Ndiyo maana naiandika.

Bwana Humoud alikuwa karani wa mizani ya karafuu, sasa amestaafu. Babu yake alikuwa na mashamba ambayo, kwa hesabu za Bwana Humoud, mtu akianza kuyatembea Jumamosi hatokei upande wa pili mpaka Jumatano. Mashamba yamekwenda. Katika nyumba yetu ya Madungu, hapa Chake, Pemba, umebakia mlango wa nakshi, birika kubwa la shaba, na sauti.

Sauti ndiyo inayotumika zaidi. Kuku wetu aliwahi kwenda kutaga chini ya kitanda cha jirani yetu, Mzee Kificho, na Mzee Kificho akasema yai lililotagwa chini ya kitanda chake ni lake. Bwana Humoud alimpeleka kwa Shehe Ahmada, imamu wetu, akasimama akazungumza mpaka adhana ikamkatiza. "Mayai humfuata kuku," alisema, "hata akiyataga ikulu." Shehe akakubali. Mayai manne yakarudi nyumbani, Bwana Humoud akiyabeba mbele ya kifua kama hati za mashamba ya babu.

Katikati ya mwaka 2013 binamu yake wa Unguja alihama nyumba, akampa tangi la kioo la kufugia samaki. Halikuwa na maji wala samaki, lakini kwa Bwana Humoud lilikuwa limeshajaa. Aliliondoa kabati langu la vyombo ukumbini akaliweka tangi pahala pake. Akatia mchanga, akapanda majani ya majini, akafunga pampu ya hewa inayokoroma kama mzee aliyeshiba. Halafu akaanza kusoma kwenye simu. Mtu aliyesoma kwenye simu wiki mbili ni mzito kuishi naye kuliko daktari.

"Hili ni tangi la jumuiya, Bi Maryamu," aliniambia. "Kila aina imo, na wote wanaishi kwa amani. Hakuna anayemgusa mwenziwe."

"Wanakula nini?"

"Weye kila kitu kula tu."

Shida ya kwanza ilikuwa rangi. Majani yalikuwa ya kijani, na samaki wa kwanza aliowanunua walikuwa wa manjano. Yeye hakuona kitu. Watu wa barazani walikiona siku hiyo hiyo: kijani na manjano ni rangi za chama kinachotawala. Pemba, miaka hii ya vyama vingi, mtu hata chandarua hachagui rangi yake bila ya kufikiri. Alipokwenda kukaa, hakuna aliyejisogeza kumpisha. Akarudi, akawatoa wale wa manjano, akatia vijiwe vya buluu na makombe meupe ya pwani, akaagiza uduvi wekundu. Barazani sasa wakampisha mpaka akawa anakaa pahala pa watu watatu, lakini dereva wa serikali aliyekuwa akimpa lifti ya kwenda Wete akaanza kumpita bila ya kumwona. Mwisho Bwana Humoud alizichanganya rangi zote, akaliita tangi la maridhiano. Hapo wakamnunia wote.

Uduvi walikuja kwa boti, kumi na wawili, ndani ya chupa kubwa ya maji. Aliipakata chupa ile kutoka bandari ya Mkoani mpaka Chake kama mtu anayemleta bibi harusi.

Mzee Kificho alikuja kuwatazama. Aliinama mbele ya kioo, akawahesabu kwa kidole.

"Bwana Humoud, hawa hawatoshi mchuzi."

"Hawaliwi hawa."

"Uduvi hauliwi?"

"Hawa ni wa kutazama, Mzee Kificho. Ulimwenguni watu wanawazalisha wakawatazama."

"Mie nna miaka sitini na nane," alisema Mzee Kificho. "Sijapata kumwona mtu mwenye akili zake akautazama uduvi."

"Baada ya mwezi nitakuwa nao mia tatu. Nitawagaia Chake nzima."

"Wa kutazama?"

"Wa kutazama."

"Mie usinigaie," alisema, akaenda zake.

Sasa nije kwenye posa. Hamad, kijana wa Shumba Viamboni, ni fundi wa mafriji. Alikuwa amekuja kulitengeneza friji letu mara tatu, na mara mbili za mwisho friji lilikuwa zima. Niliona. Hiyo ndiyo kazi yangu kubwa humu ndani, kuona na kuogopa. Afra alikuwa na miaka ishirini na saba. Niliogopa kwamba kijana hataposa. Halafu nikaogopa kwamba ataposa, na baba mtu atamkataa kwa kuwa wao ni wavuvi na sisi ni watu wa mlango wa nakshi. Uduvi sikuwaogopa. Hapo nilikosea.

Barua ilikuja Mfunguo Nne, mwezi wa nne baada ya Ramadhani, imefungwa ndani ya leso. Aliileta mjomba wa Hamad, Mzee Duni, pamoja na mama yake Hamad, Bi Mwanabaraka. Bwana Humoud alimwita Shehe Ahmada awe shahidi, akawakalisha wote kulielekea tangi. Siku hiyo ndiyo kwanza jike mmoja wa uduvi ameonekana amebeba mayai chini ya tumbo, na Bwana Humoud hakuwa katika hali ya kuzungumza habari za watoto wa watu.

"Kijana nimemridhia," alisema, nami nikavuta pumzi. Sikuwahi kuishusha. "Lakini naweka nadhiri mbele ya Shehe. Jibu la posa hii nitalitoa siku nitakapowaona kwa macho yangu watoto wa uduvi wangu. Kheri mbili ziingie nyumbani pamoja."

Mzee Duni alimtazama Shehe. Shehe alilitazama tangi.

"Hujifungua baada ya muda gani hawa?" aliuliza Bi Mwanabaraka.

"Wiki tatu. Nne, wakijivuta."

"Basi tutangoja."

Nyuma ya pazia nilimsikia Afra akikaa chini.

Wiki ya nne jike mwenye mayai akapotea. Bwana Humoud huwahesabu kila asubuhi, na asubuhi ya Jumamosi hiyo kumi na wawili walikuwa kumi na mmoja. Alitafuta chini ya mazulia. Alimtazama paka wa jirani machoni. Mwisho akatoka, akamfuata Mzee Kificho.

"Mzee Kificho, juzi ulikuja kwangu."

"Nilikuja kuazima patasi."

"Uduvi wangu mmoja hayupo."

"Mmoja?" alisema Mzee Kificho. "Nimle na nini, Bwana Humoud?"

Mimi jambo hilo halikunipitia akilini. Nilichojua ni kwamba kila Ijumaa Bwana Humoud huyapogoa majani ya tangi, yale yanayositawi kama manyoya, akanipa gao zima la mkono nikatupe. Kutupa kitu siwezi. Mara ya kwanza nilimpelekea bata wangu, akanusa akageuka. Basi nikayatia ndani ya beseni langu bovu, lenye ufa ukingoni, linalokinga maji ya mvua chini ya mpera nyuma ya jiko. Kwa kuwa naogopa mbu, nikalifunika kwa kawa kuukuu la chakula. Kila Ijumaa nikawa naongeza gao jengine juu yake, bila ya kutazama ndani.

Tangini majike wengine walibeba mayai. Mayai yalikuwa yakionekana, yakikomaa, halafu tumbo linakuwa tupu na watoto hawapo. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Bwana Humoud alisema wamejificha. Akanunua kioo cha kukuzia.

Humo tangini alikuwamo samaki bapa wa mapezi marefu, anayetembea kama anayetarajia kupigiwa saluti. Bwana Humoud alimpa jina Sultani. Siku moja nimekaa ukumbini nachambua mchicha, nikaona kitu kidogo kama uzi mwekundu kikitoka kwenye majani. Sultani akakisogelea bila ya haraka.

"Baba Afra, Sultani amekula kitoto."

"Amekibusu."

"Amekimeza."

"Bi Maryamu, weye umeishia darasa la saba. Samaki huyu huwasafisha watoto kwa mdomo. Imeandikwa."

"Sasa yule aliyemsafisha yuko wapi?"

Akavaa miwani, akautazama upande mwengine wa tangi. "Hili ni tangi la maridhiano. Humu hakuna anayemla mwenziwe."

Sultani alikuwa amenenepa.

Kila asubuhi kabla ya kufagia Afra alisimama mbele ya kioo, akatazama ndani ya majani, halafu akafagia. Mwezi wa tatu alikuwa akifagia pole pole. Mwezi wa tano alikuwa akifagia pahala pamoja tu.

Mwezi wa Rajab Bi Mwanabaraka alinipigia simu.

"Bi Maryamu, mie sikuharakishi."

"Najua, Bi Mwanabaraka."

"Afra tunampenda. Lakini nnakwambia ukweli. Konde kuna mtoto wa Mwanawema, katulia, kasoma, na baba yake hafugi kitu. Tukiingia Ramadhani bila ya jibu, nitamwambia Hamad ageuze uso."

Nilikwenda moja kwa moja ukumbini. "Baba Afra, mtoe Sultani."

Alinitazama kama niliyesema tubomoe msikiti.

"Nimtoe wapi?"

"Ndani ya tangi. Mtie kwenye ndoo."

"Sultani," alisema Bwana Humoud, "hatolewi mara ya pili."

Yaliyobaki nilimwachia Mungu.

Shaaban jike mmoja alibeba mayai mengi kuliko wote. Bwana Humoud alipiga hesabu kwenye simu, akatangaza kwamba watoto wataonekana Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani. Aliwaalika watu wa Shumba. Alimwalika Shehe. Hakuridhika, alitaka siku hiyo iwe na adabu yake. Maji ya tangi yalikuwa yamepungua, basi alichukua maji ya mvua, akayalaza siku tatu ndani ya birika la shaba la babu.

"Birika hilo halijatiwa bati ndani tangu babu yako yu hai," nilimwambia. "Maji yakitoka humo yana ladha ya ufunguo."

"Wameyanywa makadhi."

"Makadhi si uduvi."

"Ndiyo," alisema. "Uduvi wataona fahari zaidi."

Asubuhi ya Ijumaa alivaa joho, akayamimina mwenyewe kidogo kidogo, huku akisoma dua. Birika zima. Halafu akalifunika tangi kwa shuka jeupe, akaenda msikitini.

Baada ya sala walikuja wote: Shehe Ahmada, Mzee Duni, Bi Mwanabaraka. Mzee Kificho naye alikuja, hakualikwa. Nilikuwa nimepika biriani, lakini Bwana Humoud alisema chakula baadaye. Alisimama mbele ya shuka, akatoa hotuba. Ilianza na mikarafuu. Ilipita kwenye mlango wa nakshi, ikafika kwenye amani ya nchi, na ilipokuwa inaelekea Muscat, Mzee Duni akakohoa. Bwana Humoud akalivuta shuka.

Uduvi wote walikuwa wamelala chali juu ya mchanga, weupe kama punje za wali. Samaki walikuwa wazima, kumbe shaba ya birika huwaua uduvi peke yao. Hakuna uduvi aliyetikisika isipokuwa mmoja, naye alikuwa katika mdomo wa Sultani.

Pampu ilikoroma.

"Hawa ndio watoto?" aliuliza Mzee Duni, kwa heshima.

"Hawa ndio wazee," alisema Mzee Kificho.

Shehe Ahmada akasema, "Inna lillahi," halafu akaonekana anafikiri kama hapa inafaa.

Bwana Humoud alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu anioe, sauti haikutoka. Kwa muda wa pumzi mbili nilimhurumia. Halafu nikasikia nyuma ya pazia ufagio ukianguka, huruma ikaniisha.

Bi Mwanabaraka alisimama akajitanda vizuri khanga yake. "Basi, Bwana Humoud, sisi tushajibiwa. Njia ni ndefu. Bi Maryamu, nipe maji nitie udhu, Alasiri isinikute njiani."

Nilimpeleka nyuma ya nyumba. Nilifungua mfereji wa bomba, ukatoa upepo. Maji ya mfereji hayana haya, na siku hiyo hayakuwa nayo kabisa. Nikamwonyesha beseni chini ya mpera, nikageuka kutafuta kata ya kuchotea ili asiyaone macho yangu.

Aliliinua kawa. Hakuchota. Alibaki ameinama pale pale, kawa mkononi. Wanawake wa Shumba huvua uduvi kwa khanga tangu utotoni. Hawahitaji kioo cha kukuzia.

"Bi Maryamu."

"Labeka."

"Weye unafuga uduvi?"

"Mie nafuga bata."

"Njoo utazame hapa."

Nikatazama. Maji yalikuwa yanatembea. Walikuwamo wakubwa, wekundu kama pilipili hoho iliyoiva, na wa kati, na vitoto visivyohesabika, vyembamba kama nyuzi, vikirukaruka katika majani ya Ijumaa ya miezi saba. Nikamkumbuka yule jike aliyepotea. Hakupotea. Bwana Humoud alimng'oa pamoja na majani, akanipa mkononi mwangu, nami nikamtia mahali pasipokuwa na Sultani.

"Duni," aliita Bi Mwanabaraka, na hapo nikajua sauti si ya Madungu peke yake. "Njoo huku. Mlete Shehe."

Wakaja mmoja mmoja, wakiinama chini ya kamba ya nguo. Bwana Humoud alikuwa wa mwisho. Alilitazama beseni, akauona ufa wake, akaniona mimi.

"Hawa si wangu," alisema.

"Ni wa nani?" aliuliza Shehe Ahmada.

"Hawa wamejizalia nje. Wangu walikuwa ndani ya tangi."

"Mama yao alitoka wapi?"

Bwana Humoud akamtazama bata.

"Shehe," alisema Mzee Kificho, taratibu, kama mtu aliyelihifadhi neno lake kabatini likafika siku ya kuvaliwa. "Kulikuwa na kesi moja ya mayai."

"Naikumbuka," alisema Shehe. "Mayai humfuata kuku, hata akiyataga ikulu. Na hapa si ikulu, ni nyuma ya jiko lako mwenyewe. Uduvi ni wako, Bwana Humoud, na watoto ni wako. Nadhiri imebakisha jambo moja, uwaone kwa macho yako."

Bwana Humoud aliinamisha kichwa kidogo, kutoka juu kabisa.

"Sioni kitu."

"Inama."

"Naona majani."

"Inama zaidi, Bwana Humoud."

Akapiga goti, joho lake likakaa pale anapokaa bata. Alitazama muda mrefu. Kama angesema anawaona, angekuwa amekubali kwamba tangi la kioo, na simu, na birika la babu, vimeshindwa na beseni bovu la mtu wa darasa la saba. Nilikijua alichokuwa anakipima, na wala hakikuwa Hamad.

"Miwani nimeiacha ndani," alisema. "Bila ya miwani, Shehe, siwezi kuapa. Tuseme baada ya Ramadhani, inshallah."

Bi Mwanabaraka akalirudisha kawa juu ya beseni.

Msichana anayeposwa hajitokezi mbele ya wakwe kabla ya jibu. Kila mtu Pemba anajua hivyo, na Afra anajua zaidi. Lakini pazia la jiko lilisogea, akatoka, amejitanda mpaka machoni, akapita katikati ya wazee bila ya kuinua kichwa. Aliliondoa kawa. Mkononi alikuwa na miwani, ameshaifuta kwa pindo la khanga.

"Baba," alisema, "miwani yako."

Bwana Humoud aliipokea. Alimtazama binti yake kwanza, bila ya miwani, na sidhani kama hapo alikuwa haoni. Halafu akaivaa, akainamia beseni. Nilikuwa naiangalia shingo yake. Nimeishi na shingo hiyo miaka thelathini. Hukakamaa kabla hajakataa jambo. Ilikakamaa. Halafu ikalegea, na kofia yake ikadondoka ndani ya maji.

"Wamo," alisema. "Wengi."

"Na jibu?" aliuliza Mzee Duni.

"Jibu ni ndiyo."

Afra alikuwa ameshaingia ndani. Nilimsikia anafagia, haraka, nyumba nzima.

Harusi ilikuwa Mfunguo Mosi. Bi Mwanabaraka aliomba uduvi wachache wa kwenda nao Shumba, Bwana Humoud akampa thelathini kwa heshima zote, na mpaka leo hajathubutu kumuuliza kama bado anawatazama.

Tangi liko ukumbini, lina majani na Sultani. Wageni wanaokuja kuona uduvi hupita hapo, wakampa Bwana Humoud mkono, wakaja nyuma ya jiko. Yeye huwafuata na viti. Mzee Kificho huja kila Ijumaa, akakaa juu ya ndoo, akatazama mpaka Alasiri.

Juzi alikuja bwana mmoja kutoka Wete, akamuuliza Bwana Humoud siri ya kuzalisha uduvi ni nini. Bwana Humoud alinyanyua kidole, akavuta pumzi ya kutosha hotuba nzima, na hapo akaniona nimesimama mlangoni na kawa mkononi.

"Muulize Bi Maryamu," alisema, akakishusha kidole. "Mie ni wa Sultani tu."